Kufanya Kazi na Mafundi na Makandarasi: Mwongozo kwa Mwekezaji wa Nyumba za Kupangisha

Mtu anayejenga nyumba moja ya kuishi huhitaji fundi kwa kipindi kifupi cha maisha yake, na wakikosana siku ya kupaua, hasara huishia hapo. Anayejenga nyumba za kupangisha hana nafuu hiyo. Mwaka huu anasimamisha vyumba sita Chanika, mwakani anakarabati nyumba kuukuu aliyoinunua Tabata, na katikati ya mwaka mpangaji anampigia simu usiku kumweleza kwamba bomba la jikoni limepasuka. Kila mara anapoanza na fundi mpya, analipia upya gharama ya kufahamiana: kazi inarudiwa, vifaa vinapotea, na miezi inapita bila kodi kuingia.

Mwongozo huu unazungumzia zaidi Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, ingawa mengi yaliyomo yanafaa pia kwa Kenya, ambako makandarasi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Msimamo wake ni huu: fundi hushikamana na mteja ambaye kazi yake imepimwa na fedha yake inafika siku iliyosemwa. Ukarimu na maneno mazuri vina nafasi yake, lakini haviwezi kuziba pengo la kazi isiyopimwa wala malipo yasiyoeleweka.

Hatua ya kwanza: tambua unamhitaji nani

Wengi huita kila mjenzi "fundi", ilhali sokoni kuna watu wa aina tatu tofauti. Yupo mkandarasi, yaani kampuni au mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu kabisa, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi linaloruhusiwa kuchukua. Yupo fundi mkuu wa mtaani, ambaye hana kampuni lakini ana mafundi waashi, masaidia fundi na vibarua anaowakusanya kazi inapopatikana. Na wapo mafundi wa fani, yaani wa umeme, bomba, alumini, vigae, dari na rangi, ambao huingia na kutoka.

Kwa jengo la ghorofa, usifikirie fundi wa mtaani hata kama ni ndugu yako. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Ghorofa linahitaji mchoro wa mhandisi, mkandarasi wa daraja linalostahili, kibali cha halmashauri na bango la mradi mbele ya kiwanja. Kwa vyumba vya kupangisha visivyo vya ghorofa, fundi mkuu mzuri anaweza kutosha, mradi mchoro umetengenezwa na mtaalamu na mhandisi anapita katika hatua zile ambazo baadaye hufunikwa, yaani msingi, nondo na lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kuhusu umeme, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, kwa kuwa nyaya zilizotandazwa na mtu asiyeidhinishwa zitakukwamisha wakati wa kuomba kuunganishiwa umeme na TANESCO.

Hatua ya pili: mpime kwa kazi iliyozeeka

Picha za kwenye simu hazithibitishi chochote, na nyumba iliyopakwa rangi wiki iliyopita haithibitishi mengi zaidi. Mwombe fundi akupeleke kwenye nyumba aliyoikamilisha miaka miwili au mitatu nyuma, ikiwezekana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maana mvua husema yale ambayo mwenye nyumba anaona haya kuyasema. Tazama kama lipu ya chini imeanza kubanduka kwa unyevu, kama kuna nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, na kama dari lina madoa chini ya mikutano ya bati. Ingia bafuni, mwaga ndoo ya maji sakafuni kwa ruhusa ya mwenyeji, kisha uangalie yanakoelekea. Sakafu inayopeleka maji yote kwenye tundu bila kufagiwa ni kazi ya mtu anayejali asichoulizwa.

Baada ya hapo, zungumza na watu watatu. Mwenye nyumba atakueleza kama fundi alimaliza. Mpangaji atakueleza kinachovuja. Wa tatu, ambaye wengi humsahau, ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako fundi huyo huchukua mizigo, kwa sababu yeye anajua nani hulipa madeni, nani hurudisha vifaa vilivyobaki na nani huja kuviuza jioni.

Akipita hapo, usimkabidhi jengo zima. Mpe kwanza kazi ndogo inayojitegemea, kama shimo la maji taka na chemba zake, kipande cha uzio, au ukarabati wa chumba kimoja. Mlipe bei kamili ya soko kwa kazi hiyo. Wapo wanaoitumia kazi ya majaribio kukandamiza bei kwa ahadi kwamba kazi kubwa inakuja, na mafundi wamezisikia ahadi hizo mara nyingi kiasi kwamba huzihesabu kuwa dalili mbaya.

Hatua ya tatu: pimeni kazi kabla ya kutaja bei

Sehemu kubwa ya ugomvi baina ya wenye nyumba na mafundi huzaliwa siku ya kwanza, pale fundi anapozunguka kiwanja kwa dakika kumi na kusema, "Bosi, nipe milioni nne, nakumalizia." Mmoja anadhani milioni nne ni pamoja na lipu, mwingine anadhani zinaishia kwenye kupaua, na wote wawili ni wakweli.

Dawa yake ni kukaa pamoja na mchoro, futi ya kupimia na daftari. Chukua mfano wa uzio wenye urefu wa mita 30 na kimo cha mita 1.8. Eneo lake ni mita za mraba 54. Tofali la kawaida la saruji lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, na ukijumlisha mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kwenye viungio, mita moja ya mraba hula karibu matofali 9. Mafundi wengi huhesabu 10 ili kufidia yanayovunjika. Kwa hiyo uzio huo unahitaji kati ya matofali 490 na 540. Fundi akisema 800, mnayo sababu ya kuulizana kwa upole kama amehesabu na matofali ya msingi, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Hesabu inayofanywa na watu wawili kwenye ukurasa mmoja humwonyesha fundi kwamba huwezi kudanganywa kirahisi, na papo hapo humhakikishia kwamba hutamdhulumu kwa kutojua.

Kila fani ina kipimo chake: ujenzi wa kuta huhesabiwa kwa tofali, lipu na vigae kwa mita ya mraba, umeme kwa pointi (yaani kila mahali pa taa au soketi), milango na madirisha kwa idadi. Andikeni kipimo, bei yake na jumla. Kisha andikeni pia kile ambacho hakimo ndani ya bei. Kusomba maji, kupakua mchanga, kuondoa kifusi, kuchonga ukuta ili kupitisha mabomba, na chakula cha mafundi ni mambo madogo yanayoharibu uhusiano mkubwa, kwa kuwa kila upande hudhani ni ya mwenzake.

Mkataba uwe wa Kiswahili, kurasa mbili au tatu zinatosha kwa kazi ya ufundi, nao utaje majina na namba za vitambulisho, mchoro unaofuatwa, vipimo na bei, awamu za malipo, anayenunua vifaa, muda wa kazi, namna ya kukubaliana kazi za ziada, na muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo. Usomwe kwa sauti mbele ya wote wawili kabla ya kutiwa saini. Fundi asiyesoma sana hatakwambia kwamba hajaelewa. Atatia saini tu, na mkataba wa namna hiyo haumsaidii yeyote.

Hatua ya nne: malipo

Hapa ndipo uhusiano hujengwa au hubomoka, hivyo tutakaa kidogo.

Fundi mkuu anaishi kati ya watu wawili wanaomdai: wewe unayedai kazi na vibarua wanaodai posho ya Jumamosi. Ukichelewesha fedha siku tano, wewe unaona ni siku tano, lakini yeye amekosana na watu wake, na Jumatatu waashi wake wawili bora wako kwenye saiti ya mtu mwingine. Mteja anayelipa kwa wakati hupata mafundi bora hata kwa bei ya kawaida, wakati mteja msumbufu hutajwa vijiweni na bei yake hupanda kimyakimya kabla hata hajauliza.

Gawanya malipo kwa hatua zinazoonekana na kupimika, wala si kwa tarehe. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba ufundi wa vyumba vyako vya kupangisha ni shilingi 4,000,000. Unaweza kutoa 600,000 za kuanzia, 1,200,000 msingi na jamvi (zege la sakafu) vikikamilika, 1,000,000 kuta zikifika kwenye lenta, 800,000 nyumba ikishapauliwa, na kubakiza 400,000 zitakazolipwa baada ya msimu mmoja wa mvua kupita bila kuvuja. Jambo la kuangalia katika mgawanyo wowote ni kwamba fedha iliyokwisha kulipwa isizidi kwa mbali kazi iliyosimama, na kazi iliyosimama isizidi kwa mbali fedha iliyolipwa. Hali ya kwanza humpa fundi sababu ya kuzima simu. Ya pili humfanya afadhili jengo lako kwa fedha asizokuwa nazo.

Ile asilimia kumi inayobakizwa ni desturi ya kawaida kwa makandarasi, lakini kwa fundi wa mtaani huonekana kama dhuluma isipoelezwa mapema. Ielezeni siku ya mkataba, itajwe tarehe ya kulipwa, na siku hiyo ikifika uipeleke mwenyewe bila kusubiri kudaiwa. Sijui tendo jingine la mwekezaji linalokumbukwa na mafundi kwa muda mrefu zaidi.

Tumia malipo ya simu au benki ili kila shilingi iwe na kumbukumbu, na andika kwenye ujumbe ni ya hatua gani. Ukituma kwa simu, ongeza na ya kutolea. Ni shilingi chache, lakini fundi aliyeahidiwa laki tatu akapokea pungufu baada ya makato huona kwamba umempunja.

Litakuja pia ombi la fedha nje ya ratiba. Januari ni ada za shule, Desemba ni nauli za kwenda kijijini, na katikati kuna misiba na wagonjwa. Kukataa kila mara ni ukatili usio na faida, na kukubali kila mara huvuruga awamu zote. Njia inayofaa ni kuweka kiwango mapema, tuseme sehemu ya kumi ya awamu inayofuata, kiandikwe daftarini, kitiwe saini na kikatwe awamu hiyo hiyo. Ombi linalozidi hapo lijibiwe kwa heshima kwamba kiwango mlichokubaliana kimekwisha.

Hatua ya tano: vifaa

Kwa kazi ndogo na za kati, napendelea mwekezaji anunue vifaa mwenyewe na kumlipa fundi ufundi tu, angalau mpaka watakapokuwa wamefanya kazi mbili au tatu pamoja. Wajibu wako unakuwa mkubwa zaidi: ukichelewesha kokoto, mafundi wanne wamekaa bila kazi na siku hiyo ni deni lako. Ukileta mchanga wenye udongo kwa kuwa ni wa bei nafuu, usimlaumu fundi lipu ikipasuka. Na fundi anayekataa mchanga huo mbele yako ni wa kumshika.

Weka daftari la stoo lenye kilichoingia, kilichotoka, kazi kilikotumika na saini ya anayepokea. Siku ya kumwaga zege, mifuko mitupu ya saruji irudishwe na kuhesabiwa. Ratiba ya vipimo iwe wazi kwa wote: kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, mfuko mmoja wa kilo 50, ambao ujazo wake ni karibu lita 35, huenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, kwa ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa mdomoni. Watu wakipima kwa koleo, uwiano huishia kwenye uchovu wa anayechota. Saruji ilazwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na isikae miezi mingi.

Kuhusu "cha juu", ile fedha ambayo muuza vifaa humpa fundi aliyeleta mteja, usijifanye huijui. Mwambie fundi kwamba unajua, kwamba unalipa ufundi wa kutosha, na kwamba utalinganisha bei za maduka matatu kabla ya kununua. Akikuelekeza kwenye duka lenye bei nzuri na bado akapata soda yake, hakuna aliyeibiwa.

Hatua ya sita: maisha ya kila siku ya saiti

Teua msemaji mmoja kila upande. Ukimkuta kibarua anapanga matofali vibaya, mwite fundi mkuu kando na umwonyeshe, badala ya kumwamrisha kibarua juu ya kichwa cha mkubwa wake. Fundi aliyefedheheshwa mbele ya vijana wake hupoteza uwezo wa kuwaongoza, na wewe huna uwezo wa kuwaongoza badala yake.

Fika kwa siku zinazojulikana, na zaidi ya hapo usikose siku ambazo kitu kinafunikwa: kabla ya zege la msingi, kabla ya zege la lenta, kabla ya lipu kufunika mabomba na nyaya, kabla ya dari. Piga picha ukiwa umeweka futi pembeni. Picha hizo zitakusaidia miaka mitano baadaye fundi bomba atakapouliza mabomba yamepita wapi.

Kumwagilia zege ni mfano mzuri wa jambo linaloachwa na wote. Zege linahitaji unyevu kwa angalau siku saba za mwanzo, na nguvu yake hupimwa kwa kawaida ikifika siku ya 28. Fundi hudhani mlinzi atamwagilia, mlinzi hudhani si kazi yake, na Jumapili hakuna mtu. Andikeni jina la anayemwagilia, asubuhi na jioni, na malipo yake.

Maagizo ya simu yafuatwe na ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo: "Fundi, tumekubaliana dirisha la chumba cha tatu lihamie upande wa mashariki, nyongeza ni shilingi elfu arobaini." Akijibu "sawa", mmeshaandikiana. Kazi ya ziada isiyo na bei kabla ya kuanza ndiyo chanzo cha bili ya kushangaza mwishoni, na mara nyingi mwenye kosa ni mteja aliyesema "we fanya tu, tutaongea."

Usalama ni sehemu ya heshima pia. Mkandarasi mwenye waajiriwa anatakiwa awe amesajiliwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nawe uulize kabla ya kuanza. Kwa kikosi cha fundi wa mtaani, kubalianeni nani ananunua buti, glovu na kofia ngumu, na asiruhusiwe mtu kushuka peke yake kwenye shimo refu la choo pasipo mwingine juu.

Kwa mwenye nyumba anayeishi Muscat, London au hata Mwanza wakati ujenzi uko Dar es Salaam, kanuni muhimu ni kutenganisha majukumu: anayepokea fedha asiwe anayepima kazi. Ndugu anaweza kusimamia stoo na malipo, lakini mhandisi au mkadiriaji majenzi anayelipwa kwa kila ziara ndiye athibitishe kwamba hatua imekamilika. Mpango huu humlinda ndugu mwenyewe, kwa sababu pasipo vipimo vya mtu wa tatu, kila upungufu wa jengo hugeuka tuhuma ya kifamilia.

Hatua ya saba: kasoro na kuachana

Kasoro zitatokea. Kabla ya kubishana, leteni timazi, pimamaji na kamba. Ukuta ulioinama sentimita mbili ni jambo la kuonekana kwa macho ya wote, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye heshima ya mtu kwenda kwenye ukuta. Tofautisha kosa la ufundi, ambalo fundi hulirekebisha kwa gharama yake, na kosa la mchoro au la vifaa ulivyoleta mwenyewe. Ukikubali la kwako haraka, utakuwa na uso wa kudai la kwake.

Mkishindwa kuelewana, mwiteni mhandisi asiye na upande apime, na mkubaliane mapema kwamba gharama yake mtagawana. Iwapo ni lazima kuachana, pimeni kazi iliyofanyika kwa bei zile zile za mkataba, mlipe inayostahili, muandikiane kwamba hakuna anayemdai mwenzake, na serikali ya mtaa ishuhudie. Usimwingize fundi mpya kabla ya hapo, kwani baada ya siku mbili hakuna atakayejua nani alijenga kozi ipi, yaani safu ipi ya matofali.

Hatua ya nane: baada ya funguo kukabidhiwa

Jengo likiisha, faida ya uhusiano ndiyo inaanza. Mweleze fundi mkuu kazi unazozitarajia mwaka unaofuata na miezi yake, ili ukarabati wa mapaa ufanyike kabla ya masika na vuli badala ya kugombea mafundi mvua zikiwa zimeanza. Usimtaje bei ya mtu mwingine kila mkikutana. Bei ikipanda sokoni, pitieni upya daftari lenu la vipimo mara moja kwa mwaka.

Kwa nyumba zenye wapangaji, fanya makubaliano ya kudumu na fundi bomba mmoja na fundi umeme mmoja. Yaandikwe mambo manne: ada ya kufika hata kama tatizo ni dogo, muda wa kufika kwa dharura na kwa kazi ya kawaida, kiwango cha fedha anachoweza kutumia kununua kifaa bila kukuuliza kwanza, na sharti la kukutumia picha ya kifaa kibovu pamoja na risiti. Mlipe siku hiyo hiyo anapomaliza. Mpangaji naye apewe namba ya fundi huyo pamoja na yako, na aelezwe kwamba kazi yoyote inayozidi kiwango hicho inasubiri simu yako.